Mji Ambao Mashine Iliuweka Porini

Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliweza kumaliza siku nzima shuleni bila kutoa sauti, isipokuwa ile "présente" ya asubuhi wakati wa kuitwa majina. Haikuwa kiburi, ingawa wasichana wa darasa letu la hesabu walisema hivyo. Maneno yalinijia yakiwa yamechelewa, watu wamekwisha kuhamia mazungumzo mengine. Kwa hiyo niliyaandika. Nina kaye tano, yaani madaftari, za wakati ule, na ya tatu ndiyo yenye habari hii. Nimeisoma tena wiki hii, na kuna kurasa mbili ninazotamani kuzichana. Zinamhusu rubani. Nimeziacha, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Papa alikuwa mchoraji wa ramani katika kampuni ya migodi. Miaka ile mitambo ilikuwa imenyamaza karibu yote, lakini yeye kila asubuhi alivaa tai, akaenda biro, ofisini kwake, akachonga penseli zake na kukaa. Saa nane alirudi nyumbani. Kioo kimoja cha miwani yake kilikuwa kimevunjika na hatukupata kingine mjini, basi akisoma alifumba jicho la kushoto na kushusha pua hadi kwenye karatasi.

Mama alikuwa muuguzi. Wazazi wake walitoka Kasai, ingawa yeye alizaliwa hapa hapa Likasi, na ndugu zake wote walikwisha kuondoka kwa treni katika ile miaka watu wa Kasai walipofukuzwa hapa. Yeye alibaki, kwa ajili ya papa na mimi. Tangu hapo papa alikuwa na tabia mpya. Mama akichelewa hata nusu saa kurudi kutoka hospitalini, alitoka nje na kusimama kando ya barabara. Hakuuliza wapita njia, hakulalamika. Alisimama tu na tai yake mpaka amwone.

Padre wa parokia ndiye aliyemletea papa kazi. Misheni za porini zilikuwa na ndege moja ndogo, na rubani wake wa zamani alikuwa amerudi kwao Ulaya. Yule mzee aliruka miaka mingi bila namba yoyote. Akitaka kuja Likasi alitafuta moshi wa kiwanda, nguzo nene ya njano iliyoonekana kutoka mbali hata siku za ukungu. Sasa bomba zilisimama bila moshi. Rubani mpya alikuwa kijana wa Bukavu, mwembamba, mwenye viatu vinavyong'aa, na alikuja na kifaa kinachoitwa GPS, kikubwa kidogo kuliko redio ya mkononi, chenye antena fupi ubavuni.

Alituonyesha pale uani kwa parokia. Kinaongea na satelaiti, alisema, kisha kinakuambia uko wapi na unakokwenda kumebaki kilomita ngapi. Ila lazima kwanza ukiambie hapo unapokwenda pako wapi, na unakiambia kwa namba. Namba za viwanja vya ndege vya misheni hazikuwapo popote isipokuwa kwenye ramani za zamani, zilizofungiwa kabatini bironi kwa papa.

Wiki tatu papa alikuwa mtu mwingine. Alileta ramani nyumbani, akazitandaza mezani, akapima kwa rula na kunisomea, nami nikaandika. Kwenye ramani mahali panatajwa kwa digrii na dakika, na digrii moja ina dakika sitini, kama saa. Papa alisema: Likasi, kusini digrii kumi, dakika hamsini na tisa, mashariki digrii ishirini na sita, dakika arobaini na nne. Niliandika, na juu ya namba niliweka ile duara ndogo ya digrii na kile kistari cha dakika. Tulipomaliza viwanja vyote nikaangalia ukurasa wangu, nikauona mchafu. Duara na vistari vilijaa kama nzi. Nilipoandika upya kwa wino, nikaviondoa vyote. Kati ya digrii na dakika nikaweka nukta moja. Likasi, 10.59 na 26.44. Sasa ukurasa ulikuwa kama wa kitabu kilichochapwa. Papa hakuweza kuona nukta zile kwa jicho moja. Alipitisha kiganja juu ya karatasi na kusema, "Propre," yaani safi. Kwake hakukuwa na sifa kubwa zaidi.

Rubani alikuja kuichukua ile kaye ya namba Jumamosi, pale parokia. Aligeuza kurasa polepole, akauliza ni nani aliyeandika.

"Petite," aliniita, yaani mdogo, "huu muandiko ni wako? Ni kama mashine njo iliandika."

Niliangalia viatu vyake. Usiku ule nikajaza zile kurasa mbili za kaye yangu, na sitazinakili hapa. Itoshe kusema kwamba niliandika neno "mashine" mara saba, na kwamba niliichora saini yangu upya, kubwa zaidi.

Septemba habari zikaja kwamba surua imeingia katika misheni moja ya kaskazini, upande wa Upemba. Walitaka muuguzi wa kuchanja watoto. Mama alijitolea. Papa hakumkataza, maana mama hakuwa mtu wa kukatazwa, lakini siku mbili alizunguka maneno. Angani hakuna alama za barabara, alisema. Yule kijana ni mgeni, alisema, hajui hata Kambove ya jirani iko wapi. Mama alikuwa anakunja blauzi zake nyeupe. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Anaongozwa na namba zako weye mwenyewe," alimwambia. "Unaogopa namba zako?"

Mimi nilikuwa mlangoni, na nilijisikia mkubwa, kwa sababu namba zilikuwa za papa lakini muandiko ulikuwa wangu.

Walikwenda asubuhi yenye anga safi, na rubani alifuata mto Lufira kwa macho, hakuhitaji kaye. Mama alifanya kazi kule siku tatu. Siku ya kurudi ilikuwa Alhamisi, na hewa ilikuwa imebadilika. Mwisho wa kiangazi watu huchoma pori kila upande, na alasiri anga la Likasi linakuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Jua unaweza kuliangalia bila kufumba jicho. Lufira isingeonekana tena. Na rubani alikuwa hajawahi kuja Likasi kutoka kaskazini. Siku zote alitoka Lubumbashi, akifuata reli na barabara, na kifaa akikiacha mfukoni.

Saa tisa papa nami tulikuwa katika chumba cha foni, kule parokia ya Kikula. Foni ni redio ya kuongea na misheni za mbali. Ilitumia betri ya gari, kwa sababu umeme ulikuja ulivyotaka. Mama mtawa mmoja aliiendesha, mwanamke mnene mwenye subira, na kila mchana benchi lake lilijaa watu waliosubiri kuongea na jamaa zao. Siri haikuwapo pale. Ukimwambia mdogo wako wa Kolwezi kwamba umeachwa na mume, benchi zima linasikia, na misheni zote zilizofungua foni saa ile zinasikia pia. Mimi nilikuwa sijawahi kuigusa. Nilikaa kwenye benchi kando ya mama mmoja aliyeuza mihogo mikavu sokoni, aliyesubiri zamu ya kumgombeza mwanawe.

Rubani alikuwa amesema atatua saa tisa na dakika ishirini. Saa tisa na ishirini na tano sauti yake ikatoka kwenye foni, na haikuwa na wasiwasi.

"Likasi, mashine inasema nimefika. Kilomita sifuri. Niko juu yenu. Munasikia motere? À toi."

"À toi" ndilo neno la kumpa mwenzako nafasi ya kuongea. Tulitoka nje sote, tukainua nyuso. Kulikuwa na mtu anayetwanga mahali fulani, na mbuzi. Mngurumo wa motere ya ndege haukuwapo.

Mama mtawa akarudi na kumwambia kwamba hatusikii kitu, anaona nini huko chini?

"Miti na moshi, ma soeur. Mji hakuna. Hata nyumba moja hakuna. À toi."

"Aah," alisema muuza mihogo, "Likasi imehama, na sisi hawakutuambia."

Benchi likacheka. Papa alikaa chini. Hakukaa kwenye benchi, alikaa sakafuni, na tai yake ikaangukia magotini. Mama mtawa aliuliza mafuta. Rubani alisema yanatosha nusu saa, labda zaidi kidogo, na kwamba ataanza kuzunguka kwa duara kubwa akitafuta barabara. Papa aliuliza sakafuni, kwa sauti ndogo, azunguke upande gani? Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu hakuna aliyejua ndege iko wapi. Kifaa kilisema iko hapa, juu ya vichwa vyetu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Wote mle chumbani walijua kwamba mama yangu yuko ndani ya ndege.

Mama mtawa alimwambia rubani amsomee namba ya Likasi aliyoingiza, labda amekosea kidole. Akasoma.

"Kumi, nukta, hamsini na tisa. Ni vile vile iko mu kaye. À toi."

Nilikuwa sijawahi kuisikia ile nukta ikitamkwa. Niliichora mara arobaini kwa wino, lakini masikio yangu hayakuwa yameisikia. Na nilipoisikia nikaona darasa letu, na mwalimu wa hesabu ubaoni. Baada ya nukta watu huhesabu mia. Kifaa kilihesabu mia. Hamsini na tisa ya mia ni zaidi ya nusu kidogo tu. Lakini papa alikuwa amesema dakika hamsini na tisa, na dakika ziko sitini, hiyo ni digrii karibu nzima. Nilikuwa nimeuhamisha mji wetu kaskazini, na kwa namba ya pili nimeuvuta magharibi, kisha nikampa mtu aende kuutafuta pamoja na mama.

Nitaandika nilichofikiri, kwa kuwa kaye hii haina faida nikidanganya. Nilifikiri: nyamaza, ataiona barabara mwenyewe. Nilifikiri hivyo kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Kisha nikapiga magoti kando ya papa na kumwambia sikioni, ili yeye ndiye aseme.

Aliniangalia kwa lile jicho moja. Nilitegemea kofi. Badala yake aliinuka, akachomoa ramani kwenye mfuko aliokuja nao na kuitandaza sakafuni, miguuni mwa watu.

"Weye njo unajua uliandika nini," alisema. "Ongea naye. Minye natafuta fasi ndeke iko."

Nikasimama. Mama mtawa alinipa kile kipaza sauti na nikaanza. Nilisema yote, kwamba ni mimi, kwamba nilitaka ukurasa uwe mzuri, kwamba niliondoa alama. Nilipomaliza, foni ilikuwa inanguruma tu.

"Anasali?" muuza mihogo aliuliza.

Sikuwa nimebonyeza. Mama mtawa alikishika kidole gumba changu na kukikandamiza juu ya kitufe, akauacha mkono wake hapo. Ilibidi nianze tena, na safari hii watu wa misheni zote walikuwa wananisikia.

"Ni minye niliandika. Namba ya nyuma haiko ya mia, iko ya sitini. Ni dakika. Nilitosha alama, niliziondoa. À toi."

Mama mtawa akakiachia kidole changu.

"Bon," rubani alisema. Baada ya muda akasema tena, "Bon. Leta za kweli. À toi."

Nikapewa karatasi ambayo upande mmoja ilikuwa na orodha ya nia za misa. Nyuma yake nikagawa hamsini na tisa kwa sitini, kisha arobaini na nne kwa sitini. Tarakimu zangu zilikuwa mbaya kuliko za mtoto wa darasa la kwanza. Nikagawa mara ya pili ili nihakikishe. Halafu nikabonyeza na kusoma moja moja: kumi, nukta, tisa, nane, tatu. Ishirini na sita, nukta, saba, tatu, tatu. Akarudia baada yangu.

"Sasa inasema kilomita makumi tano na ine, kusini-mashariki," alisema. "Petite, ya kwanza nilikuamini. Hii nayo nitajuaje? À toi."

Alikuwa na haki, mafuta yalitosha kwa njia moja tu. Nilimwangalia papa. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya ramani, pua kwenye karatasi, na kidole chake kilikuwa kimesimama.

"Iko karibu na Fungurume," alisema. Hakuwa ananong'ona tena. Alipima kwa rula, akahesabu kwa midomo, kisha akanipa maneno, nami nikayasema kwenye foni jinsi alivyoyatoa. Ageuke aelekee huko mashine inakosema. Baada ya dakika kumi na mbili, upande wa kuume, ataona shimo la Kambove, lile kubwa lililochimbwa kwa ngazi, mgodi wote umekatwa kama vidato. Pori halichimbi ngazi. Akiliona, namba ni za kweli na mji uko mbele yake. Asipoliona, asiendelee, atuambie.

"Compris," rubani alijibu, ameelewa.

Dakika kumi na mbili ni nyingi. Muuza mihogo alinipa nafasi benchini, nikakaa, akaniwekea kiganja mgongoni, na kiganja kilikuwa na unga. Papa alibaki sakafuni akiangalia saa ya mama mtawa. Misheni nyingine zilikuwa zimenyamaza kabisa, hakuna aliyeingilia. Dakika ya kumi ikapita. Ya kumi na mbili ikapita. Papa aliingiza kidole kwenye kola ya shati na kuilegeza tai. Ya kumi na tatu.

Foni ikakwaruza, na sauti iliyotoka haikuwa ya rubani.

"Ambieni papa wa nyumba yangu tunaiona shimo. Iko na ngazi, na chini kuna maji ya rangi ya majani." Kisha, baada ya kitambo, "À toi, au munasemaka namna gani."

Ilikuwa sauti ya mama. Rubani alikuwa na macho kwenye kifaa, na yeye ndiye aliyekuwa anaangalia chini.

Papa alianza kuikunja ramani, akakosea mikunjo, akaikunja upya. Dakika chache baadaye tuliisikia motere, kwanza kama nyuki, halafu ikapita juu ya Kikula chini sana, na wanawake wa sokoni waliokuwa hawajui habari yoyote walishika vilemba vyao. Papa alikuwa tayari yuko barabarani, anatembea kwenda kiwanja cha ndege. Mwendo wa saa nzima kwa miguu. Gari la parokia lilimpata njiani.

Walirudi wote watatu kabla giza halijaingia. Mama alibeba lile sanduku la baridi la chanjo, tupu sasa, na nywele zake zilikuwa na vumbi jekundu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kucheka, na yeye alikuwa anacheka.

"Nilivaa yale masikio ya kusikilizia foni ndani ya ndeke," aliniambia, "nikasikia mutoto anaongea. Nikauliza, huyu ni wa nani? Rubani anasema, ni wako. Nikasema hapana, wangu haongeake."

Rubani hakucheka. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa uchovu, na kwa muda hakuniangalia. Aliomba kaye, akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kifaa juu yake pale mezani kwa parokia. Kikatafuta satelaiti zake, kisha kikaandika tulipo: kumi, nukta, tisa nane. Kando yake, muandiko wangu mzuri ulisema kumi, nukta, tano tisa.

"Nilisimama hapa hapa siku ile nilichukua kaye," alisema. "Kinajua fasi kinasimama. Ningekiuliza tu, ningeona. Sikuuliza, kwa sababu ya muandiko." Akanitazama. "Kosa ni letu wawili."

Kisha akatuambia jambo ambalo liliniondolea usingizi kuliko ile safari yenyewe. Kaye yangu ilikuwa imekwisha kunakiliwa. Marubani wengine wawili kule Lubumbashi walikuwa nayo, na misheni kumi na moja zilikuwa zimebandika namba ya kiwanja chao ukutani, tayari kumsomea rubani yeyote atakayeuliza. Lazima zote zisahihishwe kabla ya mvua. Papa alisema atazipima upya. Rubani alisema kupima ni vizuri, lakini ni nani atakayezisoma kwenye foni? Wote wakanigeukia, hata mama mtawa, na yeye ndiye mwenye foni.

Tulifanya kazi wiki mbili. Papa alipima, mimi nikagawa kwa sitini, na kila namba aliniomba niisome kwa sauti, si chini ya pumzi. Rafiki yake wa bironi alimpa kioo cha kukuzia, na safari hii aliangalia kila mstari mwenyewe. Nilirudisha duara na vistari kwenye safu moja, na kwenye safu ya pili nikaandika namba ya kifaa. Ukurasa ukajaa. Haukuwa mzuri. Papa aliusoma wote, akatia saini chini, kisha akanipa kalamu nitie yangu.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikaa kwenye kiti cha mama mtawa. Benchi lilikuwa limejaa. Nilibonyeza na kuita misheni ya kwanza, na sauti yangu ilianza nyembamba, lakini ilitoka. Walikuwa wananisubiri. Kila mmoja aliandika, akarudia, akasema compris, nikapita kwa mwingine. Kwa wa tano nilikuwa nimeacha kuangalia kidole gumba. Wa nane aliniuliza kama ni mimi yule wa siku ile, nikasema ndiyo, akasema vema, leta namba ya pili.

Wa mwisho alikuwa padre mzee wa mbali sana, ambaye sauti yake ilikuja na kuondoka kama mtu anayetembea kwenye upepo. Ilibidi nimrudie mara nne. Alipokwisha kuandika hakusema compris. Aliuliza kama kwetu mvua imeanza. Kwao bado, alisema, na watu wamekwisha kulima. Nilinyoosha shingo kuangalia dirishani, na benchi zima likageuka kuangalia pamoja nami.

"Bado, mon père," nilimjibu. "Lakini upande wa Mwadingusha mawingu yanapanda. À toi."